Pasheni ya nyumbani: kichanja kwanza, mche baadaye

Wakuu, kila mvua zikikaribia maswali ya pasheni yanarudi na ni yaleyale. Mche umeshika vizuri, umetambaa mpaka juu ya banda la kuku, majani kibao, tunda hamna. Au maua yapo, tena mazuri kweli, leo unayaona kesho yako chini. Au mwaka wa kwanza ilizaa mpaka majirani wakagawiwa, mwaka wa pili imegoma kabisa na mtu anaanza kuuliza kama kuna mkono wa mtu. Hamna mkono wa mtu hapo. Naandika yote mara moja ili anayeanza aanzie hapa, na nakuomba usome mpaka mwisho ndo uende kununua mche, sio unanunua mche leo alafu kesho ndo unauliza waya gani.

Ninayoongelea ni pasheni ya uani, mche mmoja mpaka minne hivi, sio heka nzima. Habari za kichanja, yaani nguzo na waya wa kubebea mmea, na namna ya kuongoza mmea unaweza kuzitumia hata kwa dodoki, fiwi au matango, ila mambo ya rangi na maua ni ya pasheni peke yake.

Rangi gani kwa unapokaa

Huku kwetu kuna pasheni za aina mbili kubwa, ya zambarau na ya njano, na kosa linaloua miche mingi ni kupanda ya zambarau kwenye joto. Ya zambarau ni mmea wa ubaridi, inapenda milimani, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari kwenda juu, ndo maana inatoka Lushoto, Njombe, Iringa, Mbeya, Arusha, na kwa wenzetu wa Kenya kule Meru, Embu na Eldoret. Ya njano ndo ya joto, hiyo ndo ya kupanda Dar, Tanga, Bagamoyo, Unguja, Pemba, Mombasa, Kilifi, hata Morogoro mjini. Sasa mtu yuko Kigamboni, ananunua pasheni sokoni iliyoshuka na gari kutoka milimani, anakula, anakausha mbegu, anapanda. Itaota, itatambaa, itakupa matumaini, alafu maua machache au hamna kabisa na mara nyingi mnyauko unaikuta hata mwaka haijafikisha. Najua ya njano ni chachu zaidi na wengi hamuipendi kula kwa kijiko, lakini kwa juisi inaishinda ya zambarau, tunda ni kubwa na maji mengi, sukari si ipo ndani.

Tofauti ya pili wengi hawaijui kabisa. Zambarau inajichavusha yenyewe, mche mmoja unatosha. Njano haijichavushi, chavua ya mche wenyewe inakataliwa na ua la mche huohuo, kwa hiyo lazima uwe na miche miwili na iwe imetoka kwenye mbegu tofauti. Ukikata kipande cha tawi la mche ulionao ukakiotesha, hicho bado ni mmea uleule hata kama umekipanda kona nyingine ya uwanja, havitasaidiana.

Tofauti ya tatu ni saa. Ua la zambarau linafunguka alfajiri na ikikaribia saa 6 mchana linafunga. Ua la njano linafunguka kwenye saa 6 mchana na linabaki wazi mpaka usiku. Shika hilo, tutalihitaji kwenye maua na kwenye dawa.

Alafu kuna miche ya kubebesha, juu zambarau chini njano. Inafanywa hivyo kwa sababu mizizi ya njano inahimili mnyauko na minyoo fundo (vijiminyoo vya udongoni vinavyovimbisha mizizi) kuliko ya zambarau. Kama uko milimani na unaipata, nunua hiyo hata kama bei imezidi. Kwa mtu wa pwani haikusaidii kitu, juu bado ni zambarau ileile.

Vya kuandaa

- Sehemu yenye jua la wazi angalau masaa 6 kwa siku. Kivulini utavuna majani.
- Nguzo 3 za futi 8 kwa miche miwili. Mirunda iliyokauka inafaa, paipu za chuma zinafaa zaidi kama mfuko unaruhusu.
- Waya laini usio na miba, geji 12 au 14, na misumari ya seng'enge ya kuushikilia.
- Samadi iliyooza vizuri, debe moja na nusu kwa kila shimo. Iliyooza, sio ile ya jana bado inatoa moshi.
- Vipande vya khanga au fulana chakavu vya kufungia, na kamba ya katani.
- Mkasi mkali wa kupogolea na chupa ndogo ya spiriti.
- Majani makavu ya kutandaza chini.
- Miche, na hii inakuja mwisho kabisa.

Hatua ya 1: Jenga kichanja

Chimbia nguzo futi 2 ardhini, juu zibaki futi 6, urefu ambao mtu wa kawaida anafika bila ngazi. Kutoka nguzo mpaka nguzo acha mita 3. Kama ni mirunda, ile sehemu inayoingia ardhini ipake oili chafu uiache siku kadhaa ikauke kabisa, mchwa wa huku hawana utani. Mche wenyewe utakaa katikati ya nguzo na nguzo kwa hiyo mafuta hayataufikia. Nguzo mbili za mwisho ziwekee mguu wa kuegemea kwa ndani, manake waya ukikazwa zinavutana kuingia katikati na baada ya mvua mbili tatu unakuta kichanja kimelala.

Waya ni mmoja tu, unapita juu kwenye vichwa vya nguzo, kaza mpaka ukiugonga na kidole unalia. Usiuone mwembamba ukadhani kazi ni ndogo, pasheni iliyokomaa ikiwa na matunda na imelowa mvua ina uzito wa kuangusha uzio, na watu wengi wanakuja kujua hilo usiku wa upepo. Ukiweza panga mstari uelekee kaskazini na kusini ili asubuhi jua lipige upande mmoja na jioni upande wa pili.

Wapo wanaopenda kichanja cha paa, kile cha kukaa chini yake kupunga upepo. Ni kizuri na mimi nakipenda kwa macho, ila kwa kuzaa nakushauri waya mmoja. Kwenye paa matawi yanalaliana, chini kunakuwa giza, magonjwa yanapata pa kujificha, na kupogoa ni mpaka upande ngazi, matokeo yake hupogoi. Kama shida yako kubwa ni kivuli basi jenga paa kwa amani, tunda lichukulie kama zawadi.

Angalizo tatu hapa. Moja, usitegemee ukuta mtupu, pasheni haigandi ukutani, inapanda kwa vile vijikamba vyake vinavyojisokota na vinahitaji kitu chembamba cha kushika. Mbili, usiiachie ipande bati, jua la mchana bati linaunguza vichipukizi vyote vilivyolala juu yake. Tatu, usiipandishe kwenye mwembe. Kuna watu wanasema mbona Kilimanjaro kweme, ule mmea wa kutambaa wenye mbegu za mafuta, inapandishwa kwenye miti mikubwa ya shamba la nyumbani na inazaa, sawa, lakini kweme ni kweme. Pasheni ikiingia ndani ya mwembe inatafuta jua juu kabisa, inazaa huko huko kwa ndege na popo, na mkasi wako hautafika.

Hatua ya 2: Shimo

Futi 2 upana, futi 2 kwenda chini. Udongo wa juu weka upande mmoja, wa chini upande mwingine. Chukua ule wa juu, changanya na samadi debe moja na nusu, rudisha shimoni, mwagia maji na uache wiki 2 mpaka 3 kabla ya kupanda. Hapo samadi inamalizia kupoa. Udongo wa chini tumia kutengenezea kisahani cha kuzuia maji kuzunguka shimo.

Kama uwanja wako unatuama maji masika, usichimbe shimo la kwenda chini, fanya kinyume, inua tuta la futi moja au moja na nusu upande juu yake. Pasheni inavumilia vitu vingi ila miguu kukaa kwenye maji hapana, siku chache tu mizizi inaoza. Na usipande pale yanapomwagika maji ya kufulia na kuoshea vyombo, najua ndo sehemu yenye unyevu muda wote, ila sabuni na mafuta vinaiua taratibu na wewe utadhani ni ugonjwa.

Hatua ya 3: Pata miche

Ya mbegu: chukua matunda yaliyoiva kabisa, ya njano yachukue kutoka mimea tofauti, toa mbegu na ute wake weka kwenye kikombe siku 2 au 3 ute ulegee, osha, anika kivulini, panda mara moja. Mbegu mbichi inaota wiki 2 mpaka 4, iliyokaa kabatini miezi inachelewa au haioti kabisa. Weka mbegu 2 kwa kila kiriba (kile kimfuko cha kuoteshea miche), kina cha sentimita moja hivi, baadae bakiza mche wenye nguvu. Ukifika futi moja, ambayo ni kama miezi 2 mpaka 3, unahamia shambani.

Ya kununua: inua kiriba uangalie chini, kama mizizi imetoka na kujizungusha mche huo umekaa sana, acha. Ukiona majani yana mabaka ya njano na kijani yaliyochanganyikana na yamejikunja, acha na usinunue hata ule wa pembeni yake. Muulize muuzaji rangi ya tunda na akupe jibu moja, akianza "hii inazaa zote" ondoka. Morogoro kuna watu wa SUA, kile chuo kikuu cha kilimo, na Arusha kuna TARI Tengeru, kituo cha utafiti wa kilimo, ukiwa karibu anzia huko kuulizia kabla ya barabarani. Kwa Kenya ulizia ile ya njano tamu iliyotolewa na watafiti wa serikali inaitwa KPF 4, inafaa maeneo ya chini.

Hatua ya 4: Panda

Panda jioni, mvua zikiwa zimeanza, sio zimechachamaa. Chana kiriba usivute mche. Udongo wa kwenye kiriba uwe sawa na usawa wa ardhi, usifukie shina hata kidogo, na kama ni wa kubebesha lile fundo la kuungia lazima libaki juu ya udongo kama kiganja kimoja. Mwagia nusu ndoo ya maji. Tandaza majani makavu ila yaache umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, yakigusana na shina unakaribisha kuoza. Wiki ya kwanza uwekee kuti au gunia kuukinga na jua la mchana.

Hatua ya 5: Iongoze

Hapa ndo penyewe. Ukiruka vingine vyote hiki usiruke, manake pasheni zote za "majani tu" zimeanzia hapa.

Piga kigingi kidogo pembeni ya mche, funga kamba ya katani kutoka kwenye kigingi mpaka kwenye waya juu. Mche ukianza kurefuka chagua chipukizi moja lililonyooka na lenye nguvu, lizungushe kwenye kamba, lifunge kwa kitambaa kilicholegea umbo la nane kila futi moja. Usifunge na waya wala kamba ya nailoni, shina linanenepa linajinyonga.

Kila wiki pita ukate vichipukizi vyote vinavyotoka pembeni ya shina, kuanzia chini mpaka kwenye waya. Vyote. Najua inauma, vinaonekana vizuri na vina afya, lakini kila kimoja kinakula chakula cha lile shina moja unalotaka lifike juu. Majani ya kwenye shina lenyewe usiyaguse, toa vichipukizi tu. Kwa ule wa kubebesha kinachotoka chini ya fundo kitoe siku hiyohiyo ukikiona, hicho ni njano ya mizizi, ukikiacha kinaipita zambarau yako na mwisho wa siku unakuwa na mche mmoja wa njano ambao hauna mwenza.

Kilele usikikate mpaka kifike kwenye waya. Kikifika na kuuvuka kidogo, sasa kata. Baada ya siku chache yatatoka machipukizi karibu na ulipokata, chagua mawili, moja lielekee kulia lingine kushoto, yafunge kwenye waya yalale. Hayo ndo mikono ya mmea wako. Yaache yatembee kila moja mita moja na nusu mpaka yakutane na nguzo au na mwenzake wa mche wa pili, alafu kata ncha.

Ukishakata ncha za mikono, yataanza kutoka matawi mengi yanayoning'inia kuelekea chini. Haya ndo yanayozaa. Yaache yaning'inie kama pazia, usiyarudishe juu, usiyafunge, usiyasokote kwenye waya ili "yapendeze". Unachofanya ni kuyatenganisha tu yanaposhikana kwa vile vijikamba, na kuyakata ncha yakibakiza futi moja kugusa ardhi. Hewa ipite chini, jua liingie katikati.

Kwa nini ugomvi wote huu? Kwa sababu pasheni inatoa ua kwenye tawi jipya tu. Tawi lililozaa msimu uliopita halizai tena sehemu ileile, linabaki kubeba majani na kunywa maji. Mmea ulioachwa ujitambalie wenyewe unakuwa na mlima wa matawi ya zamani katikati na vichipukizi vipya vichache huko nje pembeni, kwa hiyo hata matunda ni machache na yako usikofika.

Hatua ya 6: Maji na mbolea

Udongo wa kichanga wa pwani, kiangazi, mche mkubwa upe ndoo ya lita 20 mara 2 au 3 kwa wiki. Udongo mzito punguza. Kikubwa maji yasiwe ya kubahatisha, mmea ukikauka ukiwa na maua unayadondosha yote.

Mbolea, kila baada ya miezi 2 weka vizibo 5 vya soda vya NPK (ile mbolea ya dukani ya mchanganyiko) kuzunguka mche, nusu mita kutoka kwenye shina, fukia kidogo kwa mkono, mwagilia. Samadi ndoo moja mwanzoni mwa kila msimu wa mvua. Majivu ya kuni konzi moja moja yanasaidia. Yuria achana nayo mmea ukishafika kwenye waya, itakupa majani ya kujaza gunia. Na usilime na jembe chini ya pasheni, mizizi yake iko juujuu, ng'oa majani kwa mkono.

Hatua ya 7: Maua

Wa mbegu unaanza maua mwaka mmoja hivi, wa kubebesha unawahi, miezi 6 hadi 9. Kazi ya kuchavusha inafanywa na nyuki, na kwa pasheni ya njano hasa yale manyuki makubwa meusi yanayotoboa mbao za paa, yale watu wanayafukuza na ufagio. Yaache. Nyuki wadogo wanachukua chavua vizuri ila kwa ukubwa wa ua hili mara nyingi wanapita bila kugusa panapotakiwa. Ukiweka gogo kavu laini karibu na kichanja yale meusi yanaweza kuhamia humo na kukuachia kenchi zako.

Kama nyuki hamna, fanya mwenyewe. Angalia katikati ya ua, kuna vitu 5 vyenye unga wa njano, hizo ndo chavua, na juu yake kuna vidole 3 vyenye vichwa. Ua likifunguka vile vidole vinakuwa vimesimama, subiri kama saa moja hivi viiname kuelekea chini. Hapo chukua unga kwa kidole au brashi ndogo kutoka ua la mche A, paka vichwa vyote 3 vya ua la mche B, alafu rudisha ya B kwenye A. Ya njano unaifanya mchana kuanzia saa 7 hivi, ya zambarau ukitaka kuisaidia ni asubuhi. Maua ambayo vidole vyake havijainama kabisa usipoteze muda nayo, hayashiki.

Chavua ikilowa inapasuka. Kwa hiyo siku ya mvua mchana mzima tunda la njano usitegemee, na wewe usimwagilie kwa kurusha maji juu ya maua.

Hatua ya 8: Kuvuna

Kutoka ua mpaka tunda kuiva ni miezi 2 hadi 3. Pasheni iliyoiva inadondoka yenyewe, we pita kila asubuhi uokote kabla ya kuku na watoto. Kuchuma la kijani ukaliweka ndani liive utapata chachu isiyo na harufu, na machanga kabisa yasiliwe, yana sumu kidogo inayopungua tunda likiiva. Ganda likianza kukunjamana tunda halijaharibika, ndo limekuwa tamu, lililonyooka linang'aa ni kwa ajili ya kuuzia.

Hatua ya 9: Pogoa baada ya mavuno

Mavuno makubwa yakiisha, kabla mvua hazijaanza, chukua mkasi. Kila tawi lililokuwa linaning'inia lililozaa likate bakiza vifundo 3 hadi 5 (pale majani yanapotokea) kutoka kwenye mkono. Makavu na yenye ugonjwa toa kabisa. Ile mikono miwili ya kwenye waya na shina usiiguse. Mmea utaonekana umenyongwa, watu wa nyumbani watakusema, vumilia, wiki chache unachipua upya na hayo ndo matawi ya maua.

Mkasi ufute na spiriti kila unapohama kutoka mche mmoja kwenda mwingine, hata kama ni miche miwili tu. Usipogoe siku ya mvua, na usipogoe mmea ukiwa umekauka na njaa ya maji, mwagilia kwanza siku mbili.

Ukiona hivi

*Majani mengi, hamna ua.* Jiulize kwa mpangilio huu: jua linafika? uliongoza au iliachwa? kuna yuria au samadi mbichi nyingi? ni ya zambarau na uko pwani? Moja kati ya hayo manne ndo jibu karibu kila mara.

*Maua yanadondoka.* Njano iliyo peke yake, au ziko mbili ila zimetoka kwenye tawi moja. Kama zambarau, angalia maji, na kama ulipuliza dawa karibuni.

*Matunda madogo yanasinyaa na kudondoka.* Angalia kama kuna vitundu vidogo, hao ni nzi wa matunda. Yaokote yote kila siku, yafunge kwenye mfuko mweusi uyaache juani, au yafukie futi 2. Ukiyatupa jalalani pembeni umewafugia. Machache unaweza kuyavisha mifuko ya karatasi yakiwa bado machanga.

*Majani yamejikunja, yana mabaka, matunda magumu kama mti na ganda nene.* Hicho ni kirusi, kinaenezwa na vidukari na mikasi michafu. Dawa hamna, usiuziwe. Ng'oa, choma. Na ndo sababu nakataza kupanda maboga, matikiti na matango kwenye kichanja kimoja na pasheni, wanabadilishana vidukari na virusi.

*Mmea mzima umenyauka na udongo una maji.* Kata shina karibu na ardhi, ndani kukiwa na rangi ya kahawia ni mnyauko, ng'oa wote. Pale usirudishe zambarau ya mbegu, weka ya kubebesha, na shimo lisogeze. Kama ganda la shina limeoza pale chini tu, basi ni maji, matandazo yaliyogusana na shina au jeraha la jembe.

*Vidukari na wadudu weupe kama pamba.* Maji lita moja na kijiko kidogo cha sabuni ya maji, puliza chini ya majani, rudia baada ya siku 4 au 5. Mwarobaini unafaa pia. Ila saa: zambarau puliza jioni maua yakiwa yamefunga, njano puliza asubuhi kabla hayajafunguka. Watu wanaambiwa "puliza jioni" kwa mimea yote, kwenye pasheni ya njano jioni ua liko wazi na nyuki wako ndani.

*Nyoka.* Hili linaulizwa kila mara. Pasheni haivutii nyoka, nyoka anafuata panya, mijusi na vyura na anapenda palipojaa. Ukiwa na kichanja cha waya mmoja, matawi yako futi moja juu ya ardhi na chini pako wazi, hana pa kukaa. Lile rundo lililoangukia kwenye matofali nyuma ya choo, hilo hata mimi silisogelei.

*Mmea una miaka mitatu minne na unazaa kidogo kila msimu.* Umezeeka tu, pasheni haiishi kama mwembe. Ukifika mwaka wa tatu anza kuotesha miche mipya, chimba mashimo mengine mita 2 kutoka ya zamani, waya uleule utafaa ila nguzo zitikise kwanza uone kama mchwa wamekubakizia kitu.